Saba Hana Ndugu

Watu wa Makambako wananijua. Ukishuka njia panda ukauliza nyumba ya mtu wa mbao, yeyote atakuonyesha: nyumba ya bati, vyumba sita, sakafu ya saruji, na nyuma yake mashine ya kupasua magogo inalia kutwa. Lori ninazo mbili. Shule nilisoma madarasa mawili kwa wamisheni, na la pili sikulimaliza. Makarani wangu wamesoma kunishinda, lakini wakinisalimia wanavua kofia. Vyote hivi nimevipata kwa mikono yangu na kichwa changu. Ndivyo ninavyosema siku zote, tena nimesema mara nyingi hata mke wangu akisikia naanza huinuka kwenda kuangalia chungu.

Ila katika chanzo cha mali hii kuna kitu ambacho sijawahi kukitaja mbele ya wageni. Ni rula ya mbao. Aliyeitengeneza tulimwita Fundi, na jina lake silitaji kwa sababu mwenyewe hakupenda litajwe kwenye kazi. "Mlango ukifunga vizuri," alikuwa akisema, "nani anauliza umetengenezwa na nani? Wanauliza ukigoma kufunga."

Karakana yake ilikuwa Njombe, juu ya soko, upande ule ambao ukungu hauondoki mpaka saa nne. Mtu mrefu, mwembamba, koti la kijeshi mwilini masika na kiangazi. Kabla ya kununua ubao aliunusa. Wauza mbao walimcheka. "Fundi, unanunua mbao au nyama?" Yeye alinusa mwisho wa pili, halafu aliurudisha ubao akachukua mwingine. Nimefanya biashara ya mbao miaka mingi sasa, na mimi pia nanusa, nikiwa peke yangu.

Alikuwa Mlutheri asiyekosa ibada, na paa la kanisa la Wakatoliki aliliezeka yeye. Wazee wa usharika walipomwita wamhoji, aliwaambia, "Mvua haiulizi dhehebu," akarudi kazini. Alipenda ulanzi. Mianzi ilipoanza kutoa maji yake alikuwa mtu wa kwanza kilabuni, lakini akishaonja hata kikombe kimoja hashiki patasi mpaka kesho yake. Alipima kila kitu mara mbili, ila miaka ya watoto wake hakuijua. Ukimwuliza wa tatu ana umri gani anakwambia, "Alizaliwa nikitengeneza milango ya boma," basi, hesabu yako hiyo. Na msumeno wake hakumwazima mtu. "Mke na msumeno haviazimwi," alisema mbele ya mkewe siku moja. Mkewe, bila kuinua macho kwenye mboga, akajibu, "Na kati yetu wawili, anayepakwa mafuta ni msumeno."

Jambo lake kubwa lilikuwa hili. Hakuwahi kumkabidhi mtu kitu bila kumwonyesha kilema chake. Alimshika mnunuzi kidole cha shahada, akakipeleka mpaka mahali penyewe, akakikandamiza pale. Nakumbuka mama mmoja aliyekuja kuchukua sanduku la harusi ya binti yake, sanduku zuri ajabu. Fundi akamshika kidole akakiweka chini ya kifuniko.

"Umekisikia? Kifundo hicho. Mvua zikianza kitavimba, kifuniko kitabana. Usilazimishe. Paka nta."

"Sasa mbona unaniuzia kitu kibovu, Fundi?"

"Si kibovu. Kina kilema, na umekigusa. Kabla hujakigusa kilikuwa changu. Sasa ni chako."

Mama yule alichukua sanduku huku amenuna. Wengine hawakuchukua, walikwenda kwa mafundi wanaojua kunyamaza. Mimi wakati ule nilikuwa msaidizi wake, mwanamume mzima mwenye mke, nikamshauri tujaze vifundo kwa nta na unga wa mbao. Aliniangalia kwa huruma. "Mdogo wangu," akasema, "kitu kisicho na kilema hakikutengenezwa na mtu. Aliyekitengeneza akikwambia hakina, ujue hakukitengeneza yeye."

Nilicheka. Niliona ni maneno ya mzee asiyejua biashara.

Sasa rula. Ujana wake Fundi aliwahi kushika mnyororo wa mpimaji, Mzungu aliyekuwa akipima njia ya kwenda kusini. Mpimaji yule alikuwa na rula ya hesabu yenye ulimi unaoteleza katikati. Unasogeza ulimi, unaangalia mstari, jibu la kuzidisha liko pale bila karatasi wala kalamu. Fundi hakuruhusiwa kuigusa. Alichoweza ni kuiangalia begani kwa mwenyewe, na akaona jambo moja tu: nafasi kutoka moja hadi mbili ni sawa na nafasi kutoka mbili hadi nne, na ni sawa na kutoka nne hadi nane. Basi. Aliondoka na hilo kichwani, akakaa nalo miaka.

Mbao ndiyo iliyomsumbua zaidi. Ulimi wa mwati ulipinda. Wa mkaratusi ulipasuka. Mti wowote alioujaribu ulinenepa na ukungu wa Njombe ukagoma kuteleza, au ulikonda kiangazi ukachezacheza. Mwishowe alipata kizingiti cha mninga kutoka ghala lililovunjwa, ghala la tangu Mjerumani. "Mti huu umekwisha kufa mara mbili," alisema. "Hauna haja tena ya kugeuka." Akachonga vipande vitatu urefu wa mkono kutoka kiwiko hadi ncha ya vidole, akavipaka nta, ulimi ukapita kama kisu kwenye siagi ya misheni. Mistari aliikwaruza kwa msumari ulionolewa, akaipaka masizi na mafuta ya nyonyo.

Wiki nzima alikuwa akigawa nafasi kwa bikari ya seremala huku akizungumza na namba kama na watu wa ukoo. Mbili amezaa nne, nne na mbili wamezaa nane. Tano na mbili ni wazazi wa kumi. Tatu ana watoto wake. Siku moja nilimkuta ameduwaa, msumari mkononi.

"Kuna nini, Fundi?"

"Saba," akasema. "Saba hana ndugu."

Sikumwelewa, na sikuuliza. Nilikuwa na haraka ya kwenda kunywa chai.

Rula ilipokamilika alikokotoa nayo mabati, mbao, misumari, kila kitu. Kitu pekee ambacho rula haisemi ni sifuri. Inakuonyesha tano na nne. Kama ni hamsini na nne au mia tano na arobaini, hilo ni la kichwa chako. Fundi alikuwa na kichwa hicho. Mimi nilijua kusogeza ulimi.

Basi tukapata kazi ya kuezeka ghala Makambako, wakati Makambako ni njia panda na upepo tu. Siku hiyo Fundi alikuwa juu ya paa anapigilia, mimi nipo chini na rula mkononi ili nimpe akiitaka. Likaja gari. Akashuka Mzungu msimamizi wa majengo ya serikali, ambaye watu walimwita Bwana Ujenzi. Akaiona rula. Akaichukua, akaigeuza, akasogeza ulimi, akakodoa macho.

"Nani ametengeneza hii?"

Juu, nyundo ya Fundi ikanyamaza.

Nikasema, "Mimi, Bwana."

Sijui kwa nini nilisema. Hapana, najua. Viatu vya Bwana Ujenzi vilikuwa vinang'aa, na mimi sikuwa na viatu. Neno lilitoka kabla sijalituma, na lilipotoka sikulirudisha.

"Kama ni wewe, fanya hesabu," akasema kwa Kiswahili chake cha kukatakata. "Mbao thelathini na sita. Kila moja futi kumi na tano. Futi ngapi?"

Nikasogeza ulimi. Nikaona tano, nikaona nne, na sifuri sikujua niweke ngapi. Hamsini na nne? Elfu tano na mia nne? Jasho likanitoka katika upepo ule wa baridi. Ndipo kutoka juu ya paa nikasikia Fundi akipaza sauti kwa Kibena, kivivu, kama mtu anayeagiza misumari: mia tano na arobaini.

"Mia tano na arobaini, Bwana," nikasema.

Bwana Ujenzi akanipiga begani. Mwezi uliofuata nilikuwa msimamizi wa ujenzi wa serikali toka Njombe mpaka Makambako, na viatu nikanunua.

Jioni ile Fundi alishuka, akafunga zana zake. Nilingoja anitukane. Angenitukana ningepumua. Akachukua rula, akaifunga katika kitambaa chake cha kufutia mikono, akanipa.

"Nenda nayo."

"Fundi, nitairudisha. Niazime tu mpaka..."

"Mtu haazimi kitu chake. Umesema ni yako."

Akaondoka. Na kuna jambo lilipita pale ambalo sikuliona, ingawa nilikuwa nimeliona likitendeka mara mia kwa watu wengine. Hakunishika kidole.

Katika mwaka ule alinitumia maneno mara tatu. Kwanza kwa dereva, halafu kwa mwinjilisti, halafu kwa mama muuza viazi. Maneno yaleyale: "Mwambieni aje nimwonyeshe saba." Nikafikiri ananitega. Nikafikiri nikienda atanidai rula yake mbele ya watu. Kila nilipopita Njombe nilimwambia dereva apite njia ya chini, mbali na soko.

Halafu ikaja kazi ya Mahongole. Ghala refu, jembamba, upana futi kumi na mbili. Nilikuwa na mpasuaji wa mbao, mtu wa Kifanya, mkimya, hodari kuliko wote niliowahi kuajiri. Nikapima upana, nikapima mwinuko wa paa, nikasogeza ulimi kama nilivyomwona Fundi akisogeza. Jibu likakaa chembe kabla ya saba. Nikaandika kwa chaki juu ya ubao uliosimamishwa ukutani: futi sita, inchi kumi na moja. Mpasuaji akakata mbao zote za paa kwa kipimo hicho, akazichonga mapengo ya kukalia ukutani, na tulipozipandisha hazikukutana juu. Kila jozi ilibaki na pengo la vidole viwili. Ukisimama ndani unaona mstari wa mbingu kutoka mwanzo wa ghala hadi mwisho.

Bwana Ujenzi akafika siku hiyohiyo. Alikaa chini ya mstari ule wa mbingu muda mrefu.

"Nani amekata hizi?"

Nikasema, "Huyu."

Sikudanganya, nilijiambia. Aliyekata ni yeye.

Mpasuaji akavua kofia. "Bwana, nimekata kama ubao ulivyosema."

"Ubao upi?"

Ubao ulikuwa mgongoni mwangu. Nilikuwa nimeuegemea. Nilisogea pembeni taratibu, nikiwa bado nimeugusa kwa mabega, na niliposogea ulikuwa na ukungu mweupe tu, hausomeki. Bwana Ujenzi akatazama ubao. Mpasuaji hakuutazama. Alitazama koti langu.

Alifukuzwa palepale. Habari za fundi aliyeharibu ghala la serikali zilifika Kifanya kabla yake, hakuna aliyempa kazi tena. Baada ya mavuno alipanda lori la manamba pale njia panda, akaenda kwenye mashamba ya katani huko Tanga. Mimi nilikuwepo, nikihesabu mifuko ya saruji. Nilijifanya nimepotea kwenye hesabu, nikaanza upya.

Ghala lilijengwa tena kwa mbao ndefu, nikasifiwa kwa kuokoa kazi. Kutoka hapo nikajitegemea, nikanunua msumeno, halafu mashine, halafu lori. Rula nilikuwa nayo siku zote. Wageni wakija nawaonyesha. Nawaacha wasogeze ulimi. Wakiuliza ni kazi ya nani natabasamu, nao hujaza wenyewe.

Mwaka juzi nilikwenda Kifanya kununua miti. Walioniuzia wakasema kuna mzee seremala amehamia hapo kwa binti yake, macho yameingia ukungu. Nikajua. Nilikaa ndani ya lori hata dereva akauliza kama naumwa. Rula ilikuwa chini ya kiti, kama kawaida. Nikaichukua nikashuka.

Alikuwa ameketi nje, koti lilelile la kijeshi.

"Kamwene, Fundi."

"Kamwene." Akainua uso upande wangu. "Hata sauti yako imenenepa. Umekuja na lori, nimeisikia. Breki zake za nyuma zinalia."

"Nitazitazama."

"Zitazame. Umeileta?"

Nikamwekea mikononi. Akakifungua kitambaa, akainusa, akapitisha ukucha juu ya mistari kama mtu anayepapasa uso wa mtoto aliyerudi safari.

"Umeipaka nta."

"Kila mwaka."

"Hiyo umefanya vizuri. Lete kidole."

Nikakitoa. Nilikuwa mtu wa lori mbili, na nikatoa kidole kama yule mama wa sanduku. Akakipeleka mpaka kwenye mstari mmoja, akakikandamiza pale.

"Hiyo ni saba. Wengine wote niliwapata kwa wazazi wao. Saba hakuzaliwa na yeyote, sikuwa na pa kumpatia. Saba mara saba ni arobaini na tisa. Nikasema, hiyo ni karibu hamsini, nikamweka katikati ya njia kutoka moja hadi hamsini. Amekaa mbele kidogo ya mahali pake. Jibu likija karibu na saba, rula inakupa pungufu. Katika futi saba, inapungua inchi nzima. Mimi nilikuwa naongeza kwa kichwa. Wewe ulikuwa huongezi."

Sikuweza kuondoa kidole.

"Yule mpasuaji alipita kwangu Njombe kabla ya kwenda katani," akasema. "Hakunisimulia mengi. Alinionyesha pengo kwa vidole viwili, hivi. Nikajua ni saba."

"Nilipata maneno yako, Fundi. Yote matatu. Nilifikiri unaitaka rula."

"Najua ulivyofikiri. Na mimi nina langu. Siku ile nilikasirika. Nimewauzia watu viti maisha yangu yote, sijampa mtu kitu bila kumgusisha kilema chake. Wewe nilikupa hivihivi. Nikasema moyoni, aseme ni yake, tuone. Nilipotuma maneno hasira ilikuwa imekwisha, lakini ningeweza kuja mwenyewe. Makambako si Ulaya. Sikuja."

"Kosa si lako."

"Langu ni kiasi changu. Lako siwezi kulipima." Akaachia kidole changu, akaifunga rula katika kitambaa, akanirudishia. "Umegusa. Sasa ni yako kweli. Mke wa mpasuaji anakaa ng'ambo ya kijito, nyumba yenye miwati miwili."

Nilivuka kwa miguu. Nilimkuta anachambua maharage uani. Akaniangalia mpaka nilipomfikia.

"Wewe ndiye mwenye lori," akasema. "Wanasema hakuna kubwa kuliko hiyo toka hapa mpaka Makambako."

Kwa kawaida mtu akinianzia hivyo, namalizia sifa mwenyewe. "Mama," nikasema, "zile mbao za Mahongole. Mume wako hakuzikosea."

"Najua. Alisema alikata kama ubao ulivyosema. Mimi nilimwamini. Kaka zake ndio hawakumwamini, ndiyo maana akaondoka."

"Aliyeandika ubao ni mimi. Aliyeufuta ni mimi."

Mikono yake iliendelea na maharage. Akatupa bovu moja, akatupa la pili.

"Hilo si la kuniambia mimi," akasema. "Mwandikie yeye. Anwani ninayo."

Akaingia ndani akatoka na karatasi ya daftari la shule, kalamu ya risasi, na barua yenye anwani. Nikamwambia nitampa karani wangu aandike vizuri. Akasema, "Karani alikuwepo Mahongole?" Nikakaa juu ya kinu kilicholazwa, nikaandika mwenyewe, mtu wa darasa la pili, herufi moja moja, mpaka mgongo ukauma. Mistari mitano tu. Nilipomaliza nikamnyooshea.

"Mimi sisomi," akasema. "Nisomee."

Nikafungua mdomo.

"Ngoja," akasema, akainuka, akakung'uta maganda kwenye kanga. Akaenda ukingoni mwa uwanja, akaita kwa Kibena kuelekea shamba la juu, majina matatu. Walikuwa shemeji zake. Nikawaona wanaweka majembe chini, wanateremka mmoja mmoja, wakifuta mikono kwenye suruali.

Nikavua kofia, nikasimama.